Acheni Uzinduzi, Leteni Nakala

Nchi hii ina ugonjwa wa uzinduzi. Kitu hakihesabiwi kuwa kipo mpaka hema lisimamishwe, fulana zipigwe nembo, mgeni wa heshima achelewe masaa matatu, halafu akate utepe. Baada ya hapo picha hupanda mitandaoni na kitu chenyewe hulala. Konza iliwekewa jiwe la msingi Januari 2013, nikiwa bado mtoto wa shule ya msingi, na tangu hapo nimekua nikiambiwa Silicon Savannah iko njiani.

Sisi vijana hupenda kuwacheka wanasiasa kwa tabia hiyo, lakini si tumeirithi nzima nzima? Nenda kwenye mashindano yoyote ya kuunda programu hapa Nairobi. Siku mbili za kutolala, soda za bure, halafu Jumapili jioni kila kikundi kinapanda jukwaani kuzindua “suluhisho la Afrika”. Ukirudi baada ya miezi sita uulize suluhisho liko wapi, utaambiwa tovuti imefungwa kwa sababu hakuna aliyelipia jina lake. Hakuna anayepanda jukwaani kusema, “Hili ni toleo la 0.3, mwezi huu tumerekebisha jambo moja tu, na watu tisa wanalitumia.” Akisema hivyo, si atachekwa?

Mimi ningempa huyo zawadi. Na nataka kumtetea kwa kutumia kitu kisicho na mvuto wowote: mahali tunapoweka faili zetu.

Jiulize. Riwaya yako ambayo haijaisha, mashairi, sauti ya shosho akisimulia mambo ya Hali ya Hatari, picha ulizopiga barabarani Juni 2024, ziko wapi sasa hivi? Kwa wengi wetu jibu ni moja: kwa simu hii, na kwa akaunti moja inayofunguliwa kwa nenosiri moja. Kizazi kinachojiita kizazi cha maandishi na sauti kimetundika kumbukumbu zake zote kwa msumari mmoja, na msumari wenyewe uko kwa ukuta wa mtu mwingine.

Msimamo wangu ni huu. Waandishi na wasanii wa nchi hii tunahitaji mifumo yetu ya kuhifadhi faili, iliyosambazwa kwenye nyumba nyingi, na njia pekee ya kuipata ni kuijenga kipande kwa kipande huku tunaitumia. Tusingoje ruzuku wala wizara. Na tafadhali, tusiizindue.

Kwanza tuelewane maana. Mfumo uliosambazwa si uchawi, ni chama. Kila Mkenya anajua chama kinavyokufa: mwekahazina ni mmoja, daftari ni moja, siku moja mwekahazina anazima simu. Chama chenye akili huweka daftari kwa watu watatu, na kila mkutano madaftari yanalinganishwa. Akipotea mmoja, wawili wanabaki na hesabu. Likitofautiana moja, mawili yanalishinda. Hapo umeshaelewa nusu ya sayansi nzima: nakala kadhaa, mahali tofauti, na utaratibu wa kuzilinganisha. Nusu ya pili ni kujua kwamba mwekahazina atazima simu tu. Si kama, ni lini.

Google walilisema hilo wazi mwaka 2003, kwenye makala yao ya kitaalamu kuhusu Google File System iliyoandikwa na Sanjay Ghemawat, Howard Gobioff na Shun-Tak Leung. Hawakununua mashine za dhahabu. Walichukua kompyuta za kawaida, nyingi, wakaanza na dhana kwamba kuharibika kwa mashine ni jambo la kila siku, si ajali. Faili ilikatwa vipande vya megabaiti 64, kila kipande kikawekwa kwenye mashine tatu. Mashine ikifa, mfumo unatengeneza nakala nyingine mahali pengine na maisha yanaendelea. Lakini hata wao waliacha udhaifu ndani: mashine moja tu ndiyo iliyoshika orodha ya kila kipande kiko wapi. Iliwatosha kwa wakati ule. Kazi ilipokua, mashine hiyo ikawa kikwazo, na baadaye wakahamia mfumo mwingine, Colossus. Hawakungoja kujua kila kitu ndio waanze. Walianza, wakabanwa, wakabadilisha.

Mfano wangu ninaoupenda zaidi ni Ceph. Sage Weil aliuanza akiwa mwanafunzi wa uzamifu Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, na makala yake ikatoka 2006. Mwaka 2010 sehemu yake iliingizwa ndani ya kiini cha Linux. Mwaka 2012 likatoka toleo lililopewa jina Argonaut, na kutoka hapo matoleo yakafuata herufi za alfabeti, mengi yakiwa na majina ya jamaa za pweza: Bobtail, Cuttlefish, na kuendelea. Sasa sikia hii. Sehemu ya mfumo wa faili, ile iliyokuwa kwenye makala ya 2006, ilitangazwa kuwa imara kwenye toleo la Jewel, mwaka 2016. Miaka kumi! Katikati hapo watu hawakukaa bure. Tabaka la chini, linaloshika vipande vya data, lilikuwa tayari linafanya kazi, na kampuni pamoja na taasisi za utafiti kama CERN zilikuwa zimeshaweka mzigo juu yake.

Hili jambo sisi tunalijua, ila hatujawahi kuliheshimu. Toka Nairobi uelekee Thika au Kitengela, utaona nyumba za ghorofa moja zenye vyuma vimechomoza juu ya slabu, vinangoja ghorofa ya pili. Chini, duka limefunguliwa, kinyozi yuko kazini, mpangaji analipa kodi. Wageni huona nyumba ambayo haijakwisha. Mimi naona Ceph. Msingi ulipigwa kwa hesabu ya kubeba ghorofa nne, ya kwanza inaingiza pesa ya ya pili, na hakuna aliyelala nje akingoja paa la mwisho. Linganisha na yule aliyechorewa jumba zima kwa rangi, akaweka bango kubwa barabarani, na kiwanja bado kina nyasi.

Kuna watakaosema kidogo kidogo ni lugha ya maskini, eti wakubwa hufanya mambo makubwa mara moja. Huo ni uongo, na ushahidi uko wazi. Hifadhi ya Amazon, S3, ambayo nusu ya programu kwa simu yako pengine inaitegemea, ilianza Machi 2006 ikiwa kitu chembamba sana: weka faili, chukua faili, futa faili. Faili moja haikuruhusiwa kuzidi gigabaiti 5. Kikomo hicho kilipandishwa hadi terabaiti 5 mwishoni mwa 2010. Na uhakika kwamba ukiandika faili upya kisha ukaisoma papo hapo utapata ile mpya, si ile ya zamani? Huo ulifika Desemba 2020. Kampuni tajiri kiasi hicho ilihitaji zaidi ya miaka 14 kufikia jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa pendekezo lake la mradi. Haikuwa uvivu. Kuna mambo ambayo mfumo hukufundisha tu ukiwa umebeba mzigo wa watu halisi.

Nazungumza kama mtu aliyebeba kamzigo kadogo. Niliacha chuo mwaka wa tatu ada ilipokatika, na tangu hapo naishi kwa kuandika: makala huku, maelezo ya bidhaa kule. Kuna tovuti moja niliyoiandikia makala kumi na moja. Siku moja ikazimwa, bila barua pepe, bila salamu. Makala nne nilizipata kwenye Wayback Machine, ambayo makao yake ni San Francisco. Saba ninazo kwa hali ya rasimu tu. Zile zilizopita kwa mhariri, na maoni ya wasomaji chini yake, zimeenda. Ukimtumia mteja mpya kiungo cha kazi yako kikafungua ukurasa mweupe, yeye haoni tovuti iliyokufa. Anaona muongo.

Baada ya hapo, sisi marafiki wanne tuliamua kuhifadhiana. Mmoja yuko Umoja, mwingine Nakuru, wa tatu Mombasa, mimi Kahawa West. Tulianza na kompyuta mbili kuukuu kutoka Luthuli, zote kwa chumba kimoja, na kaprogramu ka kunakili folda kila usiku. Wiki hiyohiyo jirani akavunjiwa nyumba, tukaelewa kwamba nakala mbili chumba kimoja ni nakala moja, maana mwizi hachagui. Hatua ya pili, kompyuta moja ikahamia Umoja, tukaunganisha kwa Syncthing, programu huria ambayo imekuwepo tangu 2013 na haihitaji seva ya mtu katikati kushika faili zako.

Kisha mdogo wake yule wa Umoja akafuta folda nzima akitafuta nafasi ya filamu. Programu, kwa utiifu wake wote, ikafuta na kwangu. Kulinganisha faili na kuhifadhi faili si kitu kimoja! Tulijua hivyo kwa kusoma. Sasa tukajua kwa uchungu. Bahati nzuri flashi ilikuwa na nakala ya juma lililotangulia. Hatua ya tatu ikawa kuwasha uwekaji wa matoleo: faili ikifutwa au ikibadilishwa, ile ya zamani inakaa pembeni siku 90. Hatua ya nne ikawa Nakuru na Mombasa. Hatua ya tano, muhuri. Kila faili hupigiwa hesabu inayotoa mfuatano wa herufi na tarakimu. Ikibadilika herufi moja tu ndani ya faili, muhuri haufanani tena. Kila Jumapili mihuri inalinganishwa. Ndivyo tulivyogundua kwamba diski moja ilikuwa inaoza kimyakimya: faili zinaonekana zipo, majina yapo, ukifungua ni takataka. Tusingekuwa na muhuri, hiyo takataka ingekaa pale miaka ikiitwa hifadhi.

Waya za chini ya bahari zilipoharibika Mei 2024 na intaneti ikaanza kutambaa Afrika Mashariki, marafiki waliokuwa na kazi mawinguni walikaa wakitazama kiduara kikizunguka. Faili zangu zilikuwa mezani. Tokeni ya Mombasa huisha, mashine huzimika siku tano, inaamka, inaulizia ilichokosa, inaendelea. Hakuna jipya hapo, na hakuna cha kukatia utepe. Lakini niambieni ni mradi gani uliozinduliwa kwa hema mwaka huo ambao leo unafanya kazi kila usiku.

Pingamizi kubwa nalijua, na nitalijibu kwa heshima maana si la kijinga. “Si uweke tu kwa wingu? Wana wahandisi, wana jenereta, wana walinzi.” Kweli, wanavyo. Lakini wingu ni jina la kupendeza la kompyuta ya mtu mwingine, na kompyuta ya mtu mwingine huungua. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa, kilishika moto na jengo moja likateketea. Kuna wateja ambao hata bakapu yao ilikuwa eneo lilelile. Myspace ilikubali mwaka 2019 kwamba nyimbo, picha na video za miaka mingi zilipotea wakati wa kuhamisha seva. Hao wanamuziki walikuwa wameambiwa nini? Kwamba wasijali, wahandisi wapo. Sisemi uondoke kwa wingu. Weka nakala huko pia. Ila liwe tawi moja, lisiwe shina. Na kumbuka bili yake huja kwa dola, na shilingi hujui itaamkaje.

Pingamizi la pili linanigusa zaidi: kwamba kidogo kidogo ni kisingizio cha kutomaliza. Hapa nakubali nusu. Kuna kidogo kidogo ya uongo, ile ya “tuko kwa mchakato”, ambapo hatua haina mwisho na hakuna anayeweza kuikagua. Ndiyo maana hatua halali lazima iwe na masharti mawili. Itumike siku ileile inapomalizika, na ijaribiwe kwa kuvunjwa. GitLab, kampuni ambayo kazi yake ni kuhifadhi kodi za waandaaji programu, mwaka 2017 ilifuta kwa bahati mbaya hifadhidata yake kuu, na ilipogeukia njia zake tano za bakapu na unakili ikakuta hakuna hata moja iliyokuwa inafanya kazi sawasawa. Ikaokolewa na nakala ya masaa sita nyuma iliyokuwa imechukuliwa kwa mkono kwa shughuli nyingine. Nawaheshimu kwa sababu waliyaeleza hayo hadharani. Sisi wanne, kila mwisho wa mwezi, mtu mmoja huchagua faili ya mwenzake, anairudisha kutoka kwa nakala, anaifungua, anaisoma. Nakala ambayo hujawahi kuirudisha ni uvumi tu.

Na msiniambie huu ni utamaduni wa kigeni. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliishi tangu mwisho wa karne ya 18 hadi karibu 1840. Mashairi yake hayakuwa na seva. Yalikaa vichwani mwa watu, yakapita barazani, hadi Mwalimu Sikujua wa Mombasa akayakumbuka na kuyaeleza, mmisionari W. E. Taylor akayakusanya mwishoni mwa karne ya 19, na William Hichens akayatoa kama diwani huko Johannesburg mwaka 1940. Miaka mia moja baada ya mshairi kufa! Huko Lamu, Muhamadi Kijuma alinakili tenzi kwa mkono wake, moja baada ya nyingine, na bila mikono kama yake tungebaki na majina ya tenzi tu. Huo ndio mfumo uliosambazwa: vichwa vingi, mikono mingi, hakuna aliyeuzindua.

Lakini hadithi hiyo ina upande unaoniwasha. Sehemu kubwa ya nakala hizo leo iko London, kwenye maktaba ya SOAS. Wamezitunza vizuri na nawashukuru, lakini kijana wa Mombasa anayetaka kuona mwandiko wenyewe anaanza na swali la viza au anatazama picha ya karatasi kwa kioo cha simu. Wale waliotunga walikuwa na vichwa. Waliohifadhi walikuwa na makabati. Kizazi chetu kinarudia mkataba uleule kwa hiari: sisi tunatunga, kabati ni la mwingine, na ufunguo tunaomba.

Halafu kuna wanaosema gharama. Hebu tuhesabu. Makala ya maneno elfu mbili, maandishi matupu, haifiki kilobaiti 20. Makala elfu kumi za namna hiyo ni kama megabaiti 200. Flashi ya kawaida ya gigabaiti 16 inazimeza mara themanini hivi. Video na sauti ni mzigo mwingine, nakubali, lakini fasihi andishi yote ya watu unaowajua inaingia kwa kitu unachobeba pamoja na funguo za nyumba. Kinachokosekana si pesa. Kinachokosekana ni mtu wa kukubali kazi isiyopigwa picha: kulinganisha mihuri Jumapili, kumpigia wa Nakuru umwambie diski yake inalia.

Kwa hivyo wahariri wa majarida, vikundi vya mashairi, wasimamizi wa podikasti, sikilizeni. Mkipata wafadhili wiki ijayo, msiwape mchoro wa “jukwaa la kitaifa la kumbukumbu za kidijitali”. Mtakula mandazi ya uzinduzi, na mwaka wa tatu jina la tovuti litauzwa kwa watu wa kamari. Fanyeni jambo dogo la aibu. Nakala mbili, nyumba mbili, wiki hii. Mwezi ujao nyumba ya tatu, mji mwingine. Kisha matoleo, kisha mihuri, na faili za siri zifungwe kwa ufunguo kabla hazijaenda kwa mwenzako. Kila hatua ivunjeni makusudi muone kama inasimama. Vikundi viwili vikishazoea, vishikiane nakala. Hivyo ndivyo ghorofa ya pili inavyopanda.

Makala hii, kabla haijafika kwa mhariri, ilikuwa tayari iko Umoja, Nakuru na Mombasa. Yenu ziko wapi?